Kupumzika Bila Kufiwa

Mara ya pili waliponirudisha kutoka mlangoni mwa chumba cha upasuaji, nilikuwa nimeshavuliwa kila kitu hadi hereni, nimevishwa lile gauni la kijani linalofungwa mgongoni. Gauni lenyewe lilikuwa aibu. Mshono wa bega umepinda, pindo halikukunjwa, nyuzi zinaning'inia, na mimi ni fundi wa nguo, siwezi kuvaa kitu cha namna hiyo nikanyamaza. Nilikuwa nikimweleza nesi kwamba wangenipa mimi kazi ile wagonjwa wao wangelala kwa heshima, huku yeye akinifunga mashine ya kupima presha. Akaitazama, akaifungua, akanifunga mkono wa pili.

"Mama, hii presha iko juu sana," akasema. "Daktari hawezi kukupasua hivi."

"Na dawa nimekunywa zote, sista."

"Dawa umekunywa, lakini uko na mawazo mingi. Punguza mawazo."

Sijui ni nani aliyewafundisha watu wa hospitali maneno hayo. Wanakwambia upunguze mawazo kama wanavyokwambia upunguze chumvi. Chumvi iko kwenye kopo, naiona, naweza kuiacha. Mawazo yako kwenye kopo gani? Nilitaka kumuuliza hivyo, ila nilikuwa nimeanza kulia, na mtu hawezi kuuliza swali la kejeli huku makamasi yanamtoka.

Sikuwa nikilia kwa ajili ya gauni. Nilikuwa na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, na uvimbe ule ulikuwa ukininywa damu. Mwezi ukifika nilivuja mpaka nikawa nasimama kwa kushika ukuta, na viganja vyangu vilikuwa vimepauka kama vya mtu aliyeshinda akifua. Daktari alikuwa ameniambia bila kuzunguka. Uvimbe usipotolewa, kuna siku ningemwaga damu ambayo hakuna mtu angewahi kuirudisha. Na haungeweza kutolewa presha ikiwa vile, maana mshipa ungeweza kunipasukia pale pale mezani. Kwa hiyo uhai wangu ulikuwa umekwama kwenye jambo moja la kijinga: nitulie. Daktari akaniandikia siku nyingine, ya tatu, akanitazama juu ya miwani na kusema safari hii nijaribu.

Inabidi niseme kazi yangu, kwa sababu mawazo yangu yote yanatoka huko. Nina duka la kushona pale Kisian, nje kidogo ya Kisumu, kando ya barabara ya Busia, na ninachoshona zaidi ni sare za matanga. Mafundi wa kwingine wanategemea shule zikifunguliwa na harusi za Desemba. Mimi nategemea vifo. Mtu akifa huku kwetu, wake wa boma huvaa nguo za kufanana, mabinti zao, wajukuu zao, kwaya zao, na hata wale marafiki wa Nairobi waliomjua marehemu kwa simu tu hutaka fulana zenye picha yake. Sasa kabla ya kitambaa kununuliwa lazima kamati ikae. Kamati ikikaa lazima ibishane kuhusu rangi. Wakija kukubaliana, mwili umeshapewa siku ya kutoka mochari, na kitambaa kinanifikia Jumanne au Jumatano, mazishi yakiwa Ijumaa au Jumamosi. Vipimo vinakuja kwa simu.

"Yule wa Nairobi ni mnene kidogo kuliko mimi," mteja ataniambia.

"Kidogo kiasi gani?"

"Wewe shona tu. Utaona."

Nitaonaje, na yeye yuko Nairobi? Lakini nashona. Na mfiwa hagombezwi, hilo ndilo linaloumiza zaidi katika kazi yangu. Mteja wa harusi akinipigia kelele, nami napiga zangu. Mteja wa matanga ana machozi machoni, nitamjibu nini? Nameza. Nimemeza maneno miaka na miaka, nayo hayakwenda tumboni, yalikwenda mabegani. Mabega yangu yalikuwa yamepanda karibu na masikio, na mume wangu, ambaye ni dereva wa lori la mchanga na amezoea kelele, alikuwa akiniamsha usingizini kwa sababu nilikuwa nasaga meno.

Ijumaa magari ya matanga hupita mbele ya duka langu yakielekea Bondo na Siaya, yamefungwa matawi, yanapiga honi, na kwenye madirisha naziona nguo zangu. Walio ndani wanaimba au wanalia. Mimi naangalia kama kola zimekaa sawa.

Siku ile ya kurudishwa, kabla sijatoka wodini, nesi mwingine alikuja kukaa kitandani kwangu. Huyu alikuwa mtu mzima, mnene, anavuta miguu, na hakuniambia nipunguze chochote. Aliniambia nilale chali nimwonyeshe ninavyopumua. Nikapumua. Akacheka.

"Wewe unapumulia shingoni," akasema. "Kama mtu amejificha kwa kabati. Weka mkono kwa tumbo. Tumbo ipande kwanza."

Akanifundisha. Nitandike mkeka mahali, ninyooshe miguu, mikono niiache wazi bila kushika kitu. Nivute hewa kwa pua mpaka tumbo liinuke, niitoe polepole kwa mdomo kama ninayepoza uji. Nianze na vidole vya miguu, nivikaze kisha niviachie, nipande hivyo hivyo magoti, mapaja, mpaka taya. Na wakati huo niwaze mambo mazuri. Kila siku, alasiri, kabla sijachoka kabisa.

"Nikipata nafasi nitafanya," nikamwambia.

"Nafasi hutapata," akasema. "Fanya bila nafasi."

Nyumbani ilishindikana tangu siku ya kwanza. Nilifunga mlango wa chumba nikajinyoosha, na sijafika hata magotini mtoto akagonga kuuliza chupa ya chai iko wapi. Mwingine akaja kuuliza kwa nini nimejifungia. Kisha mume wangu akafungua, akasimama pale na kofia mkononi, akauliza kama ninaumwa. Nikasema siumwi, ninapumzika. Akakaa ukingoni mwa kitanda kunisubiri nimalize. Mtu hawezi kulegeza taya huku mumewe anamsubiri amalize.

Nikaamua kufanyia dukani. Alasiri jua likishazunguka nyuma ya ukuta, baraza ya duka hupata kivuli, na ukikaa pale unaona ng'ambo ya barabara na reli, unaona mashamba, na kule chini kipande cha ziwa. Nikaifunika cherehani. Nikatandika mkeka. Nikavua viatu, nikanyoosha miguu, nikaweka viganja wazi juu ya mapaja, nikafumba macho nusu.

Nilikuwa nimefika kwenye mapaja niliposikia mtu anavua ndala kando yangu. Alikuwa mama mboga wa ng'ambo, jirani yangu wa siku nyingi, ameacha nyanya zake bila mtu. Hakunisalimu. Alikaa mkekani, akanyoosha miguu yake sambamba na yangu, akanyamaza. Nikadhani naye amechoka. Tukapumua pamoja. Magari yakapita, upepo wa ziwa ukaja, na kwa mara ya kwanza tangu nijue nina shingo, nilihisi shingo inashuka. Nilikuwa karibu kusinzia aliponishika goti.

"Mos, mama," akasema kwa sauti ya chini, pole kabisa ya msibani. "Ng'a motho?"

Alikuwa anauliza nani amekufa.

"Hakuna mtu amekufa."

"Usinifiche. Ni mzee?"

"Mzee yuko kwa lori. Hakuna mtu amekufa, mama. Ninapumzika."

Aliondoa mkono wake. Akatazama miguu yangu, akatazama viganja, akatazama cherehani iliyofunikwa.

"Unapumzikaje na hakuna mtu amekufa?" akauliza, na alikuwa amekasirika kweli.

Sikumlaumu. Huku kwetu mwanamke aliyekaa chini mchana kweupe, miguu imenyooka, mikono haina kitu, amefiwa. Hakuna maana nyingine. Nesi alikuwa amenifundisha mkao wa kutuliza presha, nami ninayewavisha wafiwa kila wiki sikuona kwamba ni mkao ule ule wa mke wa marehemu. Mama mboga alivaa ndala zake akarudi kwenye nyanya, lakini kabla hajavuka kuja kwangu alikuwa ameshawaambia watu wawili watatu, na habari haina breki.

Jua halijazama, wakaja kina mama wa kanisani. Walikuja wakiimba, wamebeba sukari, majani ya chai na sufuria kubwa ya kupikia wageni. Mwenyekiti wao alianza kuomba kabla sijainuka. Alimshukuru Mungu kwa maisha ya mpendwa wetu, akaomba familia ipewe nguvu, na alipofika mahali pa kumtaja marehemu akafungua jicho moja kunitazama, nimsaidie jina.

"Hakuna marehemu," nikasema. "Niko mimi tu."

Aliyebeba sufuria akaishusha. Nikawaeleza habari ya uvimbe na presha na tumbo kupanda kwanza. Walinisikiliza vizuri, sitawasingizia. Kisha mwenyekiti akasema, kwa upole wa mtu anayemshauri mgonjwa, kwamba mambo kama hayo mtu hufanyia ndani ya nyumba. Ama basi nikae kwenye kiti, niweke mchele wa kuchambua mapajani, ili watu wasishtuke. Wakaniombea presha ishuke. Sukari waliondoka nayo.

Nilitembea kwenda nyumbani nimejaa hasira, na hasira hiyo ilinifanya niwaze vizuri kuliko nilivyokuwa nimewaza kwa muda mrefu. Nilimkumbuka mama yangu alipokufa. Niliwekwa kwenye mkeka. Watu walipika, watu waliteka maji, watu waliwaogesha watoto wangu. Hakuna aliyeniuliza chupa ya chai iko wapi. Nililia mpaka nikachoka, nikalala fofofo, na nilipoamka mtu alinishikisha kikombe cha uji. Nilimpenda mama yangu na bado namlilia. Lakini tangu niolewe sijawahi kupumzika kama nilivyopumzika kwenye matanga yake, na wageni walipoondoka nikarudi kwenye cherehani, sikuwa namlilia mama peke yake.

Kwa hiyo ili nikae chini tena nisubiri nani afe? Mume wangu? Dada yangu? Au nisubiri nife mimi, nilazwe kwa raha zangu, wengine wavae sare? Huo ni upuuzi, na niliusema kwa sauti pale njiani. Na mchele wa kuchambua ni upuuzi mwingine. Nimewaona wanawake wengi wanaopumzika kwa kuiba. Ana maharagwe mapajani, anamenya moja, anatazama barabara, anamenya jingine, mume au mama mkwe akitokea vidole vinaongeza mwendo. Mwili una akili. Unajua haujaachiwa. Nesi alisema mikono wazi, nami nikaapa itakuwa wazi, palepale barazani, miguu imenyooka, na atakayetaka kulia aje alie.

Kilichonishinda ni yale mambo mazuri. Nilijaribu kwa moyo mweupe. Nikawaza ziwa. Lakini ziwa ninalolijua lina magugu, na magugu yakinijia namkumbuka dada yangu wa Obunga anayeuza omena, ambaye boti zikikwama hapati mzigo, na mabega yanapanda papo hapo. Nikawaza watoto walipokuwa wadogo, nikakumbuka karo. Nikawaza mbinguni, na mbinguni nikawaona wateja wangu, wale waliozikwa na wale waliozika, wananiulizia nguo. Nikajiona mtu mbaya, ambaye kichwani mwake hamna zuri hata moja.

Alasiri moja wazo likaja kama kawaida, kwamba mteja aliyeniachia kitambaa cheusi cha wajukuu wa marehemu atanikuta nimekaa, atanisema mbele za watu. Nikalijibu. Nilisema kwa sauti, nafikiri hata bodaboda wa stejini walisikia, "Aje. Yeye ana mdomo, mimi nina mlango." Mabega yakashuka. Nikangoja lingine. Likaja, kwamba kola za wajukuu zitakaa vibaya. Nikaliambia wajukuu wana shingo fupi, hakuna atakayeona. Yakashuka tena.

Ndipo nilipoelewa kwamba mimi si mtu wa kuwaza mazuri kwa upole. Wengine wanaweza, Mungu awabariki, wanafumba macho wanaona maua. Mimi nawaza mazuri kwa ugomvi. Wazo baya likija nalisimamisha nje, naliuliza limetumwa na nani, linataka nini kwangu leo, na mengi ukiyabana hivyo yanaanza kubabaika. Lile la damu halikubabaika. Hilo lilikuwa la kweli, na sikulifukuza. Nililiambia ndiyo sababu nimekaa hapa, likae nalo lingoje.

Haikuwa rahisi kama ninavyoiandika. Bodaboda wakaanza kuniita Mama Matanga. Wateja walisimama juu yangu wakikohoa, nikawaambia nitaamka nikimaliza, na wengine walichukua vitambaa vyao wakapeleka kwa mafundi wa soko la Kibuye. Iliniuma, maana hao nimewashonea tangu walipozika babu zao. Lakini baada ya muda mama mboga akavuka barabara tena, akavua ndala, akakaa. Alisema miguu inamsumbua. Sikumuuliza zaidi. Tangu hapo akawa anakuja miguu ikimsumbua, na ilimsumbua karibu kila siku.

Wiki ya kurudi hospitali, baba mdogo wa mume wangu akafa. Alikuwa mzee mcheshi, alinipenda, na nilimlilia kweli. Kamati ikakaa, ikabishana, ikachagua zambarau. Mazishi yakawekwa Ijumaa, kwao Bondo, Ijumaa ile ile niliyoandikiwa mimi.

Jumanne nilikuwa mkekani, mama mboga kando yangu, nyieka alipofika. Wake wa ndugu huku huitana nyieka, na huyu ni mke wa kaka mkubwa wa mume wangu, msemaji wetu, mtu ambaye akiamua jambo bomani limeamuliwa. Aliteremka kwenye bodaboda na majora ya kitambaa, akayaweka juu ya mkeka, karibu kabisa na miguu yangu.

"Nyieka, hii ni ya wamama wote wa boma," akasema. "Kola ya duara, mkono mpaka hapa. Alhamisi jioni tunachukua."

"Alhamisi naingia wodi. Ijumaa napasuliwa."

"Najua. Ndio maana nimeleta mapema."

Hakuwa anatania. Kwake yeye hiyo Jumanne ilikuwa huruma.

"Siwezi, nyieka."

"Utashona polepole."

"Sitashona."

Nilisikia moyo unaanza kugonga shingoni, pale pale pa zamani. Nikaweka mkono tumboni mbele yake, tumbo likapanda, nikapoza uji. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyelewa asubuhi.

"Sasa unataka tusimame kwa kaburi ya mzee kila mtu na rangi yake, kama watu wa soko?" akasema. "Watu watasema nini? Boma iko na fundi, na wamama wamekuja hivyo hivyo?"

"Watasema fundi yuko hospitali."

"Lakini ni nguo tu. Si ndio kazi yako?"

Hapo ndipo ningemeza. Nimemeza maneno makubwa kuliko hayo. Nilivuta hewa nyingine, na nilipoitoa ikatoka na sauti ambayo hata mimi sikuijua, sauti ya chini, isiyo na haraka.

"Nyieka, nisikize," nikasema. "Nimeshonea watu matanga miaka mingi, na sijawahi sikia maiti imekataa kuingia kaburi kwa sababu wamama hawajafanana. Mzee atazikwa. Lakini hii presha ikipanda tena Ijumaa, nitaletwa kwenu na gari ya matawi. Mtataka yunifomu ingine, na mimi sitakuwepo kuishona."

Mama mboga alianza kuchunguza vidole vyake vya miguu. Nyieka akasema naitakia boma mabaya, kwamba ugonjwa umenifanya niwe na madharau, na kwamba mzee amesikia. Akapanda bodaboda. Majora aliyaacha. Alinijua vizuri. Alijua kitambaa kikishalala kwangu mikono yangu itakishika.

Na mikono ilitaka. Kilikuwa kitambaa kizuri, kizito kiasi, cha kukaa vizuri kiunoni, na nilikuwa nimeshaona kichwani jinsi kola ya duara itakavyolala. Niliingia dukani nikakaa mbele ya cherehani nikiwa na majora mapajani. Nilijiambia nikate tu, kukata si kushona. Nilishika mkasi. Mabega yalikuwa yameshafika masikioni, na yalifika bila kuniuliza. Nikauweka mkasi chini, nikatoka nje, nikaanza upya na vidole vya miguu.

Jioni mume wangu alipitia dukani na lori. Alikuwa ameshapigiwa simu, nilijua kwa jinsi alivyokuwa akikuna shingo.

"Wanasema umekataa."

"Nimekataa."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Nilikuwa nimemwandalia maneno. Nilikuwa nayo mengi na makali, nimeyapanga tangu alasiri, maana ni mtu mpole na kaka yake humweka mfukoni. Hakunipa nafasi. Alisimama akitazama ile zambarau, akainama, akayabeba majora yote kwa mkupuo mmoja, akayapeleka kwenye lori.

"Wacha nirudishe leo," akasema. "Watanisema mimi."

Nyieka hakupata fundi mwingine. Kila fundi wa barabara ile alikuwa na matanga yake, na wa Kibuye walimcheka. Alhamisi nilimwambia mume wangu aende akamzike baba yake mdogo, kwa sababu ni wajibu wake na mimi sina ugomvi na marehemu. Nikaingia wodini na dada yangu, aliyekuja ananuka omena, akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda na kutangaza kwamba hatoki.

Ijumaa asubuhi wakanivisha tena gauni la kijani, na simu ikalia. Mume wangu alikuwa anaongea kwa kunong'ona, nyuma yake kwaya inaimba.

"Umeamkaje?"

"Bado hawajanipima. Huko?"

"Tunangojea mchungaji. Kila mtu amevaa yake. Nyieka wako ako na ile manjano ya Pasaka."

Dada yangu alininyang'anya simu kwa sababu nesi alikuwa amesimama na mashine. Alikuwa yule yule wa kupunguza mawazo. Akanifunga mkono. Nikamwangalia usoni, sikuona kitu. Akafungua, akanifunga mkono wa pili, na hapo niliogopa sana, niliogopa mpaka nikamtafuta dada yangu kwa macho. Nikaliambia lile wazo la damu lisubiri zamu yake. Tumbo likapanda, likashuka.

"Haijafika pale kabisa," nesi akasema, "lakini daktari atakubali. Umebadilisha dawa?"

"Hapana. Nimekataa kazi."

Aliandika kitu, sijui kama aliandika hilo.

Chumba cha upasuaji kina baridi isiyo ya Kisumu. Walinilaza chini ya taa kubwa, na daktari wa usingizi, kijana mwenye sauti nzuri, akaniletea kifuniko cha hewa usoni. Akaniambia nivute pumzi nzito, nikamwambia hiyo naijua.

"Sasa fikiria kitu kizuri, mama," akasema.

Wala sikuhangaika kutafuta. Niliwaona wake wa boma letu wamezunguka kaburi la mzee, mmoja ana bluu, mmoja ana maua makubwa ya machungwa, mmoja amevaa nguo ya kazini, na katikati yao nyieka wangu, manjano yake inawaka kwenye jua la Bondo, uso umekunjamana kwa hasira. Hakuna hata kishikizo kimoja nilichoshona mimi. Mzee alikuwa anateremshwa polepole kwa kamba, na wote walikuwa wanaimba vizuri sana. Nikacheka ndani ya kile kifuniko.

Daktari akaniambia nihesabu kurudi nyuma kuanzia kumi. Nikakataa hilo pia, nikalala.